Mabamba ya chuma, deraya ya pete au vazi la usufi: shujaa wa katuni avae nini, na apigane vipi

Mchoraji wa katuni za fantasia hukutana na uamuzi mmoja mapema kuliko anavyodhani, nao ni kuhusu nguo atakayovaa shujaa wake siku ya kupigana. Wengi huuona uamuzi huo kuwa wa urembo tu, wakachora kwanza vazi linalopendeza macho, kisha wakatafuta mapigano ya kulionyesha. Mimi pia nilifanya hivyo katika hadithi yangu ya kwanza ndefu, iliyohusu ufalme wa kubuni katika kisiwa cha mawe ya matumbawe, na kurasa nane za mwanzo nikalazimika kuzitupa zote. Shujaa niliyemvika chuma kutoka utosini hadi kisiginoni alikuwa akipigana juu ya sitaha ya jahazi, akirukaruka kutoka tezi hadi omo, ilhali kila msomaji aliyewahi kupanda jahazi angeuliza swali moja tu: akianguka majini je?

Tangu hapo huanzia upande wa pili. Naamua kwanza pambano litatokea wapi na litachorwaje, kisha ndipo namvika mtu nguo. Vazi na pigo ni uamuzi mmoja: aliyevaa chuma hupigwa kwa namna yake, aliyevaa kitambaa hupigwa kwa namna nyingine, na aliye kifua wazi hufanya kila awezalo asipigwe kabisa. Mchoraji anayelichukua pigo la mtu wa kifua wazi akalichora juu ya mtu wa chuma hugunduliwa hata na msomaji ambaye hajawahi kushika silaha. Hapa nitalinganisha mavazi matatu ya vita ambayo fantasia hupenda kuyatumia, kisha silaha zinazoendana nayo, kwa kuyajaribu mahali patatu ambapo hadithi za pwani hupenda kupigania: uchochoro wa mji wa mawe, sitaha ya jahazi, na mchanga mpana ulioachwa wazi bahari ikiwa imekupwa.

Deraya ya mabamba

Deraya ya mabamba, yaani chuma kilichofuliwa kufuata umbo la mwili mzima, ni kazi ya mafundi wa Ulaya wa karne ya 15, hasa wa Milano na wa miji ya kusini mwa Ujerumani kama Augsburg na Nürnberg. Uongo unaosimuliwa sana juu yake ni kwamba mvaaji akianguka hakuweza kuinuka, na kwamba ilibidi ainuliwe kwa kamba ili akae juu ya farasi. Seti kamili ya vitani ilikuwa na uzito wa kilo 20 hadi 25 hivi, na uzito huo uligawanywa mwilini kote kwa mikanda na vifungo, kwa hiyo mtu aliyeizoea aliweza kukimbia, kuinama na kumpanda farasi mwenyewe. Kilichomshinda ni joto na pumzi. Kofia ikifungwa, alivuta hewa kupitia matundu madogo na kuutazama ulimwengu kupitia ufa usiozidi upana wa kidole, hata adui aliyesimama karibu na goti lake hakumwona.

Jambo linalomhusu zaidi mchoraji ni kwamba makali ya upanga hayakati bamba. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote katika katuni: shujaa anafyeka mara moja, na deraya ya adui inapasuka kama papai. Mafundi wa mapigano wa zama hizo walilijua tatizo hilo na walikuwa na jibu lake, na michoro iliyomo katika kitabu cha mwalimu wa Kiitalia Fiore dei Liberi, cha mwanzoni mwa karne ya 15, inalionyesha waziwazi. Mpiganaji hushika mpini kwa mkono mmoja na bapa la upanga wake mwenyewe kwa mkono wa pili, akaufanya upanga kuwa kama mkuki mfupi, kisha akatafuta penye upenyo: kwapani, kinenani, nyuma ya goti, au katika ufa wa macho. Wengine waliacha upanga wakachukua nyundo ya vita, kwa sababu nyundo haihitaji kupenya ili imvunje mtu.

Maana yake ni kwamba pambano la watu wawili waliovaa mabamba hufanana zaidi na mieleka kuliko ngoma. Wanakumbatiana, wanategana miguu, mmoja anaangushwa, na mwingine anamkalia kifuani akitafuta pa kuchomeka kisu. Ni pambano la kutisha, nalo likichorwa kwa karibu, fremu tatu au nne zilizobana, linaweza kumkaba msomaji koo. Lakini ikiwa unachotaka ni mikono iliyonyooshwa na upanga unaochora upinde angani, hakuna vazi baya zaidi ya hili. Isitoshe, linaficha uso, na katika katuni uso ndio unaobeba nusu ya hadithi, ndiyo maana wachoraji huwavua mashujaa wao kofia kila wakati, hata katikati ya mvua ya mishale.

Mahali ambapo mabamba yanastahili, kwa maoni yangu, ni katika uchochoro. Wareno walipoushambulia mji wa Mombasa mwaka 1505, wenyeji waliwapiga kwa mishale na kwa mawe yaliyorushwa kutoka juu ya nyumba, nazo njia zilikuwa nyembamba kiasi kwamba hapakuwa na pa kukimbilia. Chini ya jiwe linalotoka ghorofani, kofia ya chuma ina maana kamili. Hapo hapo udhaifu wake unakupa fremu nzuri: mtu wa chuma anainua kichwa kutazama juu, ufa wa macho unaonyesha anga tu, na mkono ulioshika jiwe uko pembeni mwa anachoweza kuona.

Nitoke kidogo nje ya mstari kuhusu wapiganaji wa kike, kwa kuwa kosa hili halijaisha. Bamba la kifua lililofuliwa kwa umbo la matiti mawili hutengeneza bonde katikati, na bonde hilo huipokea ncha ya mkuki na kuiongoza moja kwa moja hadi juu ya kidari. Bamba hufuliwa likiwa na mbinuko mmoja kuelekea mbele ili ncha iteleze kando, awe mvaaji ni mwanamume au mwanamke. Anayetaka msomaji atambue kuwa mpiganaji wake ni mwanamke ana uso, ana sauti, na ana namna ya kusimama, na vyote hivyo huchorwa bila kumhatarisha.

Deraya ya pete

Vazi la pili ni kongwe kuliko la kwanza kwa zaidi ya miaka elfu moja, nalo limevaliwa kutoka Ulaya hadi India, na pia barani mwetu. Wapanda farasi wa Sudan walikuwa bado na deraya za pete katika karne ya 19, kwa hiyo mchoraji anayeumba ufalme wa Kiafrika hana haja ya kuomba radhi kwa kulitumia. Ni shati lililofumwa kwa maelfu ya pete ndogo za chuma, kila pete ikiwa imeshikana na nne nyingine, na uzito wake hukaribia kilo 10 au kuzidi kidogo kulingana na urefu wa mikono na pindo. Tofauti na mabamba, uzito huo wote huning'inia mabegani. Anayelivaa hufunga mkanda kiunoni kwa nguvu na kulivuta shati juu kidogo, ili sehemu ya uzito ikae kwenye nyonga, na mkunjo mdogo unaofunika mkanda ndio alama inayomtofautisha mchoraji anayejua na anayebahatisha.

Pete huzuia makali, hazizuii kishindo. Upanga ukitua begani hautakata nyama, lakini mfupa unaweza kuvunjika chini ya shati ambalo halina hata mkwaruzo, na ndiyo sababu lilivaliwa juu ya nguo nene. Kwa msimuliaji hii ni zawadi, kwa sababu jeraha halionekani siku ya vita, linaonekana ukurasa unaofuata, shujaa anapojaribu kuinua kikombe na mkono ukakataa. Ncha nyembamba nayo huweza kuipasua pete moja na kupita. Makaburi ya pamoja ya vita vya Visby, katika kisiwa cha Gotland nchini Sweden, vilivyopiganwa mwaka 1361, yalipofukuliwa yalitoa mifupa ya watu waliozikwa na deraya zao, na idadi kubwa ya majeraha ya kukatwa ilikuwa kwenye miguu, chini ya goti, mahali ambapo shati la pete halikufika. Katuni nyingi huwapiga watu vichwani na vifuani peke yake. Ukimchora mpiganaji wako akilenga ugoko, msomaji atashtuka kidogo, kisha ataamini.

Udhaifu wa vazi hili uko upande wa mchoraji mwenyewe. Kuchora kila pete katika kurasa 60 ni adhabu, na mchoraji aliyejaribu huwa ameacha kufikia ukurasa wa tano, jambo linalolifanya shati lilelile lionekane kama vitambaa vitatu tofauti. Njia inayofaa ni kuchora pete chache pale tu mwanga unapokutana na kivuli, na kuiacha sehemu iliyobaki tupu au kuijaza wino mtupu, kwa kuwa jicho la msomaji litazijaza lenyewe. Zingatia pia kwamba deraya ya pete haisimami kama gamba, bali huanguka kama kitambaa chenye maji: mkono ukiinuliwa, pete hurundikana begani, na mtu akiinama huning'inia mbele ya tumbo lake.

Na tusisahau chumvi. Chuma kinachoishi kando ya bahari hupata kutu upesi, hivyo mfalme wa kisiwa mwenye askari 500 wa deraya za pete anahitaji pia watu wa kuzisugua na kuzipaka mafuta. Fremu moja ya kijana aliyeketi barazani akisugua shati la chuma kwa mchanga inaweza kueleza utajiri wa ufalme huo vizuri kuliko maelezo ya nusu ukurasa.

Vazi la usufi

Hili la tatu ndilo linalodharauliwa, labda kwa sababu linafanana na godoro, na kwa kweli ni ndugu yake. Ni nguo ya matabaka mengi yaliyoshonwa pamoja, au ya matabaka mawili yaliyojazwa pamba au usufi katikati, kisha yakapitishwa mishono ya mistari ili kilichojazwa kisikusanyike mahali pamoja. Amri za mfalme Louis wa 11 wa Ufaransa, katika karne ya 15, ziliagiza koti za askari ziwe za matabaka 25 au 30 ya kitambaa pamoja na ngozi ya paa dume. Katika Sudan na nchi za Saheli, wapanda farasi na farasi wao walivikwa nguo za namna hiyo, nyingine zikiwa zimejazwa usufi wa msufi uleule tunaoujua kwenye mito ya kulalia. Kitambaa nacho pwani hakikuwa kigeni: Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa mjini humo zilipelekwa hadi Misri.

Ili nijue namna ya kulichora, nilifumua mito miwili mikuukuu ya usufi, nikashona kizibao kinene cha mistari ya wima, nikamvika binamu yangu na kumpa mpini wa ufagio. Nilijifunza mambo ambayo picha hazikuwa zimenionyesha. Mikono yake haikulala kando ya mwili, bali ilibaki imeachana nao kidogo, kama ya mtu aliyebeba ndoo mbili. Kola ilimsukuma kidevu juu, akaonekana mwenye kiburi hata pale alipokuwa amechoka. Alipojikunja, kitambaa hakikukunjika taratibu, kilivunjika kwa mkunjo mmoja mkubwa tumboni. Na baada ya dakika chache alikuwa ameloa jasho kabisa, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba vazi hili ni la ubaridi kuliko chuma. Ni jepesi zaidi, lakini joto lake si dogo.

Faida iliyonishangaza ni ya uchoraji. Mistari ya mishono huufuata mwili, hivyo mpiganaji anapogeuza kiuno mistari hupinda pamoja naye, na msomaji huona nguvu ya pigo inavyopanda kutoka kwenye nyonga hadi begani bila mchoraji kuongeza hata mstari mmoja wa mwendo. Mabamba hayawezi kufanya hivyo kwa sababu hayapindi, na pete haziwezi kwa sababu hazina mistari. Vazi la usufi pia hurekodi historia ya pambano: kila mkato hufungua mdomo mweupe, usufi hutoka na kuning'inia, na fremu mbili baadaye upepo wa bahari umeutawanya hewani. Hapo lakini lazima uweke kumbukumbu. Mimi huwa na karatasi moja pembeni yenye umbo la shujaa, na kila anapochanwa naweka alama juu yake na namba ya ukurasa, maana mchano wa ukurasa wa 12 ukipotea ukurasa wa 15, msomaji hulitilia shaka pambano zima.

Kisha lipo lile swali la majini. Usufi huelea. Maboya ya kuvaa ya mabaharia yaliwahi kujazwa usufi kwa sababu hiyo hiyo kabla ya mpira na plastiki kushika nafasi. Shujaa wa usufi akisukumwa kutoka jahazini ana muda wa kupigania roho yake kabla kitambaa cha nje hakijaloa na kuwa kizito, ilhali mwenye deraya ya pete anaenda chini na shati ambalo halivuliki bila kuinama na kulikung'uta kwa mikono yote miwili. Udhaifu wa usufi ni moto, kwani hushika upesi na kuwaka kwa kasi, na adui mwenye mishale ya moto anapaswa kuwa ndiye anayemtisha shujaa huyu kuliko mwenye upanga mkali.

Kwa hadithi yangu, basi, hesabu ilikuwa rahisi. Shujaa wa jahazini na wa mchangani nilimvika usufi. Deraya ya pete nilimpa mjumbe wa ufalme wa bara, ambaye kutu ya mabegani inaonyesha miezi aliyokaa akisubiri kuonana na mfalme. Mabamba nilimpa mtu mmoja tu, mlinzi wa lango la ngome, na uso wake hauonekani mpaka anapokufa. Mwenye hadithi ya milimani au ya jangwani atagawa kwa namna nyingine, ila naamini ataona faida ya kutomvika kila mtu vazi moja, kwani umbo la nje linapotofautiana, msomaji hawachanganyi wapiganaji hata wakichorwa kwa wino mtupu.

Ngao, upanga, mkuki na jambia

Asiye na deraya ana ngao, na ngao nazo hazipiganishwi kwa namna moja. Ile ndefu ya ngozi ya nyati ya Wamasai hufunika sehemu kubwa ya mwili na hustahimili kwa kunyumbuka kidogo. Ile ya Waganda, iliyo ya mbao iliyofunikwa kwa msuko wa fito na yenye ncha katikati, ambayo ipo hadi leo katika nembo ya taifa la Uganda, ni ngumu zaidi na kitovu chake huweza kumsukuma mtu. Ile ndogo ya duara ya Waomani, ya ngozi nene, haifuniki kitu. Kazi yake ni kulifuata pigo na kulikutia njiani. Ukichora ngao ndogo ikiwa imetulia mbele ya tumbo, umeifanya sahani.

Upanga wa Kiomani ulionyooka, ambao ndio unaocheza pamoja na ngao hiyo, una somo la pekee kwa mchoraji. Mpini wake ni kama bomba lililovikwa ngozi, hauna kikingio cha kuilinda mikono kama panga nyingi za Ulaya. Mpiganaji wa Ulaya anaweza kulipokea pigo kwa upanga wake, makali yakateleza hadi kwenye kikingio na kukwama hapo. Mwenye upanga usio na kikingio akifanya hivyo hupoteza vidole. Kwa hiyo panga mbili zilizokingamana usoni mwa wapiganaji wanaokaziana macho ni mkao unaofaa hadithi moja na kuiharibu nyingine. Katika hadithi ya pili, ngao ndiyo inayopokea na upanga ndio unaojibu. Hata sauti hubadilika. Chuma kwa chuma ni «kang'!», chuma juu ya ngozi ya nyati ni «ndu!», na mchoraji anayeandika mlio mmoja kwa vyote ameacha nusu ya kazi aliyopewa na lugha yake.

Kati ya upanga na mkuki, katuni hupendelea upanga kupita kiasi. Mkuki wa mita mbili humfikia mwenye upanga kabla yeye hajafika, na katika mchanga ulio wazi mtu wa kawaida mwenye mkuki ni tatizo kubwa kwa bingwa mwenye upanga, ambaye hana budi kwanza kuipita ile ncha, kwa kuudaka mkuki kwa ngao au kwa kuupiga kando, kisha akaingia ndani haraka kabla haujarudi. Safari hiyo ya hatua mbili ndiyo pambano lenyewe, na mchangani una msaidizi wa bure, kwani nyayo zinazobaki chini humweleza msomaji nani aliingia, nani alirudi nyuma, na nani aliteleza. Ndani ya uchochoro mambo hugeuka. Katika njia za Lamu, ambako punda wawili hupishana kwa shida, mkuki huchoma mbele na nyuma tu, na penye wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia kutoka nyumba hadi nyumba, hata upanga hauwezi kuinuliwa juu ya kichwa. Hapo jambia, lililokaa mbele ya kiuno tayari kuchomolewa, linakuwa mfalme, na daka la mlango linakuwa mahali pekee pa kujificha. Jahazini napo silaha ndefu hunasa kwenye henza, ile kamba ya kupandishia tanga, na foromali, ule mti unaobeba tanga, ikiwa imeshushwa hakuna anayefyeka kwa upana.

Kabla ya pigo la kwanza, nguo za kawaida zinataka kushughulikiwa. Mwanamke anayejiandaa kupigana atajifunga kibwebwe, na mwenye shuka atapiga uwinda ili miguu iwe huru. Fremu moja ya mikono inayokaza fundo humwambia msomaji wa pwani kwamba maneno yamekwisha. Ila chunga zama za ulimwengu wako: kanga yenye jina lake haikuwapo kabla ya mwishoni mwa karne ya 19, na mtu wa fantasia ya enzi za Kilwa akiivaa, msomaji mjuzi atasoma maandishi yake na kusahau vita. Kwa mfalme, maelezo ya Ibn Battuta kuhusu sultani wa Mogadishu yanatosha kukuweka kazini wiki nzima: joho la kijani, kilemba kikubwa, na juu yake miavuli minne ya hariri ya rangi, kila mmoja ukiwa na ndege wa dhahabu kileleni.

Kuonyesha pigo au kuliruka

Lipo chaguo jingine ambalo nimelibadilisha mara mbili maishani. Unaweza kuchora papo hapo silaha inapotua, au ukachora kabla na baada, ukamwachia msomaji pigo lenyewe katika nafasi nyeupe kati ya fremu. Njia ya kwanza hufaa panapo kishindo, kama nyundo juu ya bamba. Ya pili, kwa kauli yangu, hushinda mara nyingi zaidi, mradi fremu ya kabla ionyeshe uzito ulipo, kisigino kilichoinuka na bega lililorudishwa nyuma, na fremu ya baada ionyeshe gharama. Wazee wetu waliijua siri hiyo. Katika masimulizi ya Fumo Liyongo, aliyechomwa kitovuni na mwanawe, kinachokumbukwa na kila mtu ni maiti iliyopiga goti penye kisima, upinde umevutwa, watu wa mji wakiogopa kwenda kuteka maji kwa sababu walidhani yu hai. Hakuna pigo hapo, upo mkao tu.

Mikao hiyo ipo karibu nasi kuliko wengi wanavyodhani. Filamu hufundisha kasi, lakini waigizaji wake mara nyingi huulenga upanga wa mwenzao badala ya mwili wake, kwa usalama, na mchoraji anayewanakili hunakili pia huruma yao. Ngoma ya kirumbizi ya Lamu, ambapo wanaume wawili wawili huzungukana na fimbo mikononi, hufundisha umbali na macho, yaani namna mtu anavyomtazama mwenzake begani kabla fimbo haijasogea. Sherehe ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi, Unguja, ya kila Julai, ambapo pande mbili hupigana kwa vigogo vya migomba, hufundisha kile ambacho fremu za vita vya umati hukosa: watu huchoka mapema, husimama kuvuta pumzi mikono ikiwa magotini, wengine hucheka, na vumbi huficha miguu yote. Nikilazimika kuchagua kimoja kwa mchoraji asiye na nauli, ningemwambia achukue mpini wa ufagio na rafiki mvumilivu, aende kwenye njia nyembamba kuliko zote mtaani kwake.

Ndivyo nilivyolimaliza pambano langu la mwisho. Shujaa aliingia uchochoroni na mkuki mzima kwa sababu alitoka mchangani akikimbia, na nilipomweka binamu yangu mahali hapo na mpini wake, hakuweza hata kugeuka. Nikauvunja mkuki ukutani katika fremu ya pili, bila adui kuugusa, nikampa ile nusu yenye ncha, na baada ya hapo mlinzi wa lango, kwa chuma chake chote na ule ufa wake wa macho, hakuona mkono ulipotoka.